Nimeshika harusi ya watu Clare, na nyumbani wananitaka Moshi

Shikamoo Shangazi,

Ninaishi Galway, magharibi mwa Ireland, na kazi yangu ni kupiga picha za harusi. Nilianza kwa kumbebea mpiga picha mmoja wa hapa mifuko na taa, nikawa mpiga picha wake wa pili, na sasa nasimama mwenyewe. Msimu wetu ni kuanzia Mei hadi Septemba. Siku ya harusi asubuhi niko nyumbani kwa bi harusi anapotengenezwa nywele, mchana niko kanisani, kisha picha za ukoo, kisha ufukweni mvua ikikubali, kisha hotelini hadi wanandoa wafungue muziki. Nikirudi usiku silali mpaka picha zote ziwe zimehifadhiwa sehemu mbili.

Shida yangu ni hii. Ijumaa moja katikati ya Agosti nina harusi kaunti ya Clare. Walinishika tangu mwaka jana mwanzoni, wakalipa advansi, tukatia saini mkataba. Baba wa bi harusi ana ugonjwa wa Parkinson. Binti yake aliniomba nifike kwao mapema, nipige picha chache za nyumbani, ili mzee anizoee, maana akiona mgeni ameshika kamera anakakamaa na mkono unatetemeka zaidi. Nilikwenda. Mzee alinitengenezea chai mwenyewe, nusu ikamwagika, akacheka. Akaniambia atamtembeza binti yake hadi altareni hata ikimchukua nusu saa, na mkono wake nisiufiche kwenye picha. Mama naye akanionyesha sanamu ya Mtoto Yesu wa Prague ambayo ataitoa bustanini usiku wa kuamkia harusi, kuomba mvua isinyeshe. Wengi hapa hufanya hivyo.

Sasa kamati ya harusi ya mdogo wangu imetangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba ndoa itafungwa Moshi, Jumamosi ya wiki hiyohiyo. Yaani kesho yake. Baba yetu alishafariki, mimi ndiye mtoto wa kwanza, na wote wanasema mimi ndiye wa kumwingiza mdogo wangu kanisani. Hakuna aliyeniuliza ratiba yangu. Nilipoandika kwamba siku hizo nina kazi, mjomba alijibu, "Kazi gani isiyo na ruhusa?" Baba mdogo hajasema neno. Mama alinipigia analia. Akasema Wazungu wana hela, watapata mpiga picha mwingine, mdogo wako ataolewa mara moja. Akanishauri niwaambie naumwa.

Mwenyekiti wa kamati yeye anauliza kama nitakuja na kamera zangu, ili waokoe hela ya mpiga picha.

Ukumbi wameuona lakini hawajaulipia. Paroko ameambiwa kwa mdomo tu. Mdogo wangu mwenyewe yuko kimya, anaitikia kwa vialama vya mikono kwenye kundi.

Nikienda, nitakuwa nimewatupa watu walioniamini. Nikibaki, nitaambiwa hadi uzeeni kwamba niliiuza harusi ya mdogo wangu kwa euro. Nifanye nini?

Kaka wa bi harusi, Galway

*

Marahaba mwanangu.

Nimehudumia harusi kwa miaka mingi katika ukumbi wa hoteli huku magharibi mwa Ireland, na upande wa Kilimanjaro ndiko nilikozaliwa. Kwa hiyo barua yako imenigusa pande zote mbili, na nimeisoma polepole.

Unauliza kama uende au ubaki. Mimi naona hujafika huko bado. Umeniandikia habari za mama, mjomba, mwenyekiti, hata baba mdogo aliyenyamaza. Mwenye harusi yuko wapi? Mdogo wako amepita katika barua nzima kama vialama vya mikono. Mpigie. Usimwandikie, na usimpigie mchana akiwa kazini kwake au katikati ya watu. Muulize tarehe hii aliichagua nani, na kama ina sababu. Huenda mchumba wake amepewa likizo wiki hiyo tu. Huenda kuna bibi upande wa pili anayeumwa. Au huenda mtu mmoja kwenye kamati aliitaja tu, wengine wakaitikia, na yeye bi harusi akaona aibu kusema kwamba angependa kaka yake aulizwe kwanza. Sijui ni lipi kati ya hayo, na wewe pia hujui, ndiyo maana hii ndiyo simu ya kwanza.

Ukiongea naye, mfafanulie jinsi siku ya Clare inavyoshikiliwa, maana nyumbani hawawezi kulijua hili wasipoambiwa. Hapa wanaotaka kuoana lazima wampe msajili wa serikali taarifa miezi mitatu kabla. Ndipo wanapewa fomu ya usajili wa ndoa, ile wanayoitia saini siku yenyewe pamoja na padri na mashahidi wawili. Padri hawezi kuwafungisha ndoa bila fomu hiyo, na wakibadili tarehe wanarudi tena kwa msajili. Hayo ni ya serikali tu. Hoteli imewekwa mwaka mzima kabla au zaidi, na Ijumaa na Jumamosi za Agosti ndizo zinazogombewa. Kuna bendi, kuna mabasi ya kuwatoa wageni kanisani, kuna shangazi wa Boston ambaye tiketi yake ameshailipia. Pale hotelini nimeona harusi ikisogezwa kwa sababu ya msiba. Kwa sababu ya mpiga picha sijaona.

Moshi, kwa jinsi ulivyoeleza, bado kuna nafasi. Ukumbi haujalipiwa. Paroko ameambiwa kwa mdomo, maana yake matangazo ya ndoa hayajaanza kusomwa. Yakishasomwa Jumapili tatu na kadi zikachapwa, tarehe inakuwa zege, na hapo hata mimi nisingekushauri uiguse. Lakini leo haijafika huko. Omba wiki moja mbele, Jumamosi inayofuata. Usiombe siku moja wala mbili ukidhani unawapunguzia usumbufu. Clare utamaliza usiku wa Ijumaa, na hata ukiondoka Dublin Jumamosi na kuunganisha Doha, Kilimanjaro utatua Jumapili huna macho.

Ombi hili usilipeleke kwenye kundi. Kundi lina watu sitini na kila mmoja atataka kuonekana ana msimamo. Mpelekee baba mdogo. Kimya chake hakina maana kwamba anakubaliana na mjomba. Mtoto wa marehemu kaka yake anaolewa, na katika familia nyingi za kwetu neno lake lina uzito kuliko la mwenyekiti wa kamati. Huenda ananyamaza kwa sababu na yeye hakuulizwa. Mwambie, "Baba, naomba unisaidie tarehe isogee wiki moja, ili nimwingize mdogo wangu kanisani." Anza na unachokitaka kufanya. Habari ya kukwama ije baadaye.

Na mchango wako utume sasa, kamili, kabla ya kuomba chochote. Usiutaje katika mazungumzo ya tarehe hata kidogo. Hela na ombi vikikaa sentensi moja, utasikika kama mtu aliyeko nje anayenunua siku.

Nije kwa mama, maana hapa ndipo barua yako iliponiuma.

Mama yako ni mjane anayeandaa harusi ya binti bila mumewe. Anaposema Wazungu watapata mwingine, usimsikie kama mtu asiyejali watu wengine. Anaogopa kuona nafasi mbili tupu kanisani, ya baba na yako. Na wewe umemjibu nini? Umemwambia "nina kazi." Mama anajua kazi kuwa ni kitu chenye bosi, zamu na ruhusa, na mjomba naye alielewa hivyohivyo. Kwa neno hilo walilosikia, jibu lao ni sawa kabisa. Hawajasikia kwamba kuna mzee anayejizoesha kutembea ili amfikishe binti yake altareni. Hawajasikia kwamba alikutengenezea chai kwa mkono unaotetemeka akakuomba usiufiche. Mimi nimeyajua hayo kwa barua, mama yako hayajui.

Mpigie umsimulie. Mwambie jina la yule mzee. Mwambie ni Wakatoliki kama yeye, na kwamba mama wa huyo binti ataiweka sanamu ya Mtoto Yesu nje usiku wa kuamkia harusi kuombea jua. Siwezi kukuahidi kwamba atakubali. Lakini atakuwa anabishana na wewe kuhusu baba wa mtu, na huyo ni mtu ambaye mama yako anajua namna ya kumheshimu.

Kuhusu kusema naumwa: hapana. Ukisema unaumwa, bi harusi ataachwa na siku chache za kutafuta mtu wakati kila mpiga picha mzuri wa Galway, Clare na Limerick ameshashikwa. Utamnyima hata ule muda ambao ukweli ungempa. Tena picha za Moshi zitawekwa mtandaoni siku hiyohiyo na binamu zako, nawe umevaa suti mbele kabisa. Huku kwetu wapiga picha, wanamuziki, wauza maua na waratibu wa hoteli wanajuana wote. Lakini hata wasingejuana, ningekukataza.

Sasa tuseme umefanya yote hayo na tarehe ya Moshi imekataa kusogea kwa sababu ya kweli. Hapo una haki ya kuwauliza watu wa Clare kama watakuachilia. Nasema kuwauliza. Soma mkataba wako kwanza. Mingi ya mikataba hii ina kipengele cha kuleta mpiga picha mwingine ukiugua au ukifiwa, na harusi ya ndugu haimo. Ukijiondoa mwenyewe, advansi yao unairudisha yote, na wakilazimika kumlipa mwingine zaidi wanaweza kukudai tofauti hiyo. Kwa madai yasiyozidi euro 2,000 kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani ambao hauhitaji wakili. Nadhani watu uliowaeleza hawatafika huko, lakini ujue unasimama wapi kabla hujapiga simu.

Usiende kwao mikono mitupu. Nenda na jina la mtu mmoja aliyekwisha kupiga harusi kama mpiga picha mkuu, ambaye umefanya naye kazi, na ambaye siku hiyo yuko huru. Kama huna mtu huyo, huna sababu ya kuwapigia, utawatia hofu bure. Kama unaye, wape picha zake za harusi nzima, kuanzia asubuhi hadi usiku. Zile kumi nzuri za kwenye tovuti hazitoshi. Mpeleke akanywe chai na mzee. Mpeleke kwa padri, kwa maana wewe unajua kwamba katika makanisa mengi ya hapa padri hataki flashi wala mtu wa kuzungukazunguka altareni, na madirisha ya zamani hayaingizi mwanga wa kutosha hata Agosti. Mwendo wa baba na binti katikati ya viti hautarudiwa. Anayeupiga lazima ajue kabla atasimama upande gani na mzee ataegemea mkono upi. Mpe orodha ya picha za ukoo, nani na nani hawaelewani, nani hawezi kusimama muda mrefu. Halafu jitolee kuzihariri picha wewe mwenyewe, ziwe na rangi waliyoipenda walipokuchagua.

Nakuambia haya kwa niliyoyaona upande wa ukumbini. Mpiga picha anayeijua familia huwaita bibi na wajomba kwa majina, na picha za ukoo zinakwisha wageni wakiwa bado wana glasi ya kwanza mkononi. Asiyeijua anapaza sauti, "Upande wa bwana harusi, wote!" Nusu hawasikii, mvua inaanza, jikoni supu imeshapashwa mara mbili, na bi harusi anaingia ukumbini amechoka kabla ya hotuba. Picha zenyewe huenda zikawa nzuri. Siku yake ndiyo inayoharibika.

Wakikubali kwa moyo, nenda Moshi na usigeuke nyuma. Wakisita hata kidogo, ukasikia "kama huna jinsi, sawa," hiyo ni hapana, na utabaki Clare. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na sitauzungushia maneno: uliwapa neno wakati hakuna tarehe nyingine juu ya meza, na mzee yule amejiandaa kwa ajili yako.

Ukibaki, bado una sendofu. Nashangaa hakuna aliyeitaja, hata wewe. Sherehe ya Jumamosi huwa na mkono mkubwa wa upande wa bwana harusi. Sendofu ndiyo yenu. Ndiyo siku mama yako ni mwenyeji, ukoo wenu umekaa mbele, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, inaletwa imepambwa, na binti anaagwa na watu wake. Iombe iwe Jumamosi ya wiki iliyotangulia, kama haijapangwa hivyo. Ruka mapema wiki hiyo, uwe nyumbani, umtoe mdogo wako mbele ya ukoo kwa mkono wako, useme maneno ambayo baba yenu angeyasema. Kisha Jumatatu uondoke. Usiondoke Jumatano kwa kujiamini, maana ndege huchelewa na mizigo hupotea, na wewe unahitaji kulala usiku mmoja mzima Galway kabla ya Ijumaa. Kamera ziache hapa, betri zikiwa na chaji na memori kadi zikiwa tupu. Siku ya kanisani baba mdogo amwingize. Hilo nalo ungeweza kuliomba mwenyewe, kwa heshima, na nina hakika kwake litakuwa kubwa.

Mwenyekiti mjibu leo kwamba hutapiga picha, kwa tarehe yoyote ile. Usiache mlango wazi. Unajua vizuri kuliko yeye kwamba mpiga picha wa harusi hali na watu, hakai na watu, na kwenye albamu hayumo. Mdogo wako akija kuifungua albamu hiyo na watoto wake atataka kukuona umesimama pembeni yake. Kama fedha ya mpiga picha ni tatizo kweli, mlipie wewe mtu wa Moshi. Wako vijana wa huko wanaofanya kazi hii vizuri sana na wanalijua jua la pale kuliko wewe sasa. Iwe zawadi yako.

Na kuanzia msimu ujao, kila Januari watumie nyumbani orodha ya Ijumaa na Jumamosi ambazo umekwisha kushikwa, na wiki ambazo umeziacha wazi kwa ajili yao. Kwenu tarehe hupangwa miezi michache kabla, wateja wako wanapanga mwaka mzima kabla, na hakuna upande wenye kosa. Desemba ukoo wote unapanda Moshi na hapa harusi si nyingi kama Agosti, jua linazama saa kumi alasiri. Ijazie nyumbani.

Lakini hayo ni ya baadaye. Moshi wako mbele yetu saa mbili majira haya, kwa hiyo usingoje umalize kuhariri picha za leo. Mpigie mdogo wako kabla hajalala, kisha niandikie alichosema.

Shangazi